Nusu Lita

Mashine ya kupima pumzi ilianza kupunja mwezi ule ule nesi alipomzika mumewe.

Pampu ya kuihakiki ilikuwa imevunjika zamani. Kwa hiyo kila Jumatatu, kabla ya wagonjwa, mtu mmoja mwenye afya alipuliza na kuandika namba daftarini. Namba isipobadilika, mashine ni nzima. Walimteua nesi: havuti sigara, na akiita foleni, hata viziwi husimama.

Lita tatu na robo, miaka miwili mfululizo. Kisha tatu. Kisha mbili na robo tatu.

"Imezeeka," nesi alisema, akamwita fundi. Fundi akaahidi kuja kesho, akanyamaza kama mafundi wote.

Nesi hakukasirika. Siku hizo hakukasirika, hakulia, hakusikia hata njaa. Sketi aliibana kwa pini. Ngazi za zahanati alizipanda akipumzika katikati, eti anachungulia dirishani.

Akaja mwokaji mikate, unga hadi kwenye nyusi, kifua kinambana. Bila barua ya kusema mapafu ni mazima, tajiri wake hamrudishi kwenye tanuri.

"Vuta hadi mwisho. Haya, puliza, puliza, puliza! We baba, unapoza chai?"

"Nimemaliza, dada. Iliyobaki ni roho."

Mara tatu alipuliza, mara tatu namba ikatoka ndogo. Nesi akashika penseli, akamrudishia nusu lita yake iliyopunjwa. Barua ikatoka: mzima. Mwokaji akashukuru mno, akaondoka akikohoa.

Fundi alifika wiki iliyofuata na pampu yake, inayosukuma lita tatu kamili za hewa. Akasukuma taratibu: tatu. Akasukuma kwa kasi: tatu. Akasukuma kama mwenye ugomvi nayo: tatu.

"Hata skrubu sijagusa, dada. Mashine yenu haijawahi kupunja mtu."

Nesi alifunua daftari, akatafuta jina la mwokaji. Akachukua raba, akafuta nusu lita, akapuliza vumbi la raba. Likasogea kidogo tu.

"Nitampigia aache kazi leo leo," alisema.

Fundi hakusikia. Kidole chake kilikuwa kinateremka kwenye safu isiyo na jina, Jumatatu baada ya Jumatatu.

"Na huyu anayeshuka kila wiki," akauliza, "mlishampeleka hospitali kubwa?"