Swali la Tano

Fundi ujenzi alikuwa ameshaweka alama ya "Hapana" kwenye maswali manne ya fomu ya kliniki. Kalamu ikasita kwenye la tano: Je, nyumba mnayoishi ina unyevu au ukungu?

Binti yake wa miaka minne alikuwa amemlalia begani. Kila alipovuta pumzi, kifua chake kililia kama filimbi. Hii ilikuwa mara ya tatu kuletwa hapa tangu mvua zianze.

"Haya maswali ya nini, dada?" alimuuliza muuguzi. "Anayeumwa ni mtoto, si nyumba."

"Dawa nitampa, kaka. Lakini akirudi kulala kulekule, wiki ijayo tutaonana tena."

Fundi alitazama vidole vyake vilivyopasuka kwa saruji. Ukuta wa chumbani alishaupaka rangi mara mbili, na weusi ukarudi palepale, juu ya mto wa mtoto. Paa ndilo lililovuja, na mwenye nyumba alishasema: atakayelalamika afungashe virago.

"Najenga nyumba za watu, niliyopanga inavuja," alisema, akicheka kwa uchungu. "Kweli mganga hajigangi."

Muuguzi hakucheka. "Ukijibu ndiyo, afisa wetu wa ustawi wa jamii atamwandikia mwenye nyumba leo hii. Ila mwenye nyumba atajua habari imetoka kwako."

Mtoto alikohoa mpaka akatapika kwenye shati la baba yake. Fundi alimfuta mdomo taratibu, kisha akaweka alama kwenye "Ndiyo", akaikandamiza hadi karatasi ikatoboka.

"Jina langu aliandike lote," alisema. "Na asikosee hata herufi."