Hatua ya Saba

"Vibaba kumi na viwili vya mtama, ujira wangu wa kumtunza mwezi mzima! Lipa, kisha mchukue mbwa wako!" Kuku alifoka.

"Mtama huu hapa mgongoni," Punda akang'aka. "Lakini nimpeleke wapi, Bi Kuku? Mbuzi kasema ananuka. Bata kaogopa kuliwa naye. Umebaki wewe tu."

"Kwa hiyo mimi ndiye jalala? Hebu mtazame!"

Punda akatazama, hasira zikamwishia. Ni yeye aliyeitafuna kamba ya hatua sita iliyomfunga Mbwa kwenye nguzo ya bwana wake kwa miaka minne. Kamba haikuwapo tena, lakini Mbwa kila akitembea, hatua ya sita hugeuka, kana kwamba shingo imevutwa.

Mara Mwewe akashuka, akamkwapua kifaranga wa Kuku mwisho wa ua.

Mbwa akatoka mbio. Ya tano, ya sita, ya saba! Akaruka, akamnyofoa Mwewe manyoya ya mkia, na kifaranga akaanguka mzima. Kisha Mbwa akageuka kutazama alikotoka, asiamini kuwa kote kule kapita yeye.

Punda akashusha gunia taratibu. "Chukua chako, Bi Kuku. Nami namchukua."

Kuku akatandaza mbawa mbele ya Mbwa. "Thubutu! Huyu haondoki. Na mtama huo ni mshahara wake, nitamsongea ugali. Haya, pima hapa mbele yake, Bwana Punda. Vibaba kumi na viwili, tena vya kufurika."