Kilindi Kisicho na Samoni

“Kilindi kile cha mto kimekufa, nakwambia. Hakuna hata samoni mmoja.”

“Umejuaje kimekufa, na wewe humwachi mtu akatupa ndoana?”

Malachy alikuwa ameegemea ukuta wa mawe unaotenganisha mashamba yao. Jirani yake Attracta alisimama upande wa pili, ndoo ya maziwa mkononi.

“Fisi maji kahamia pale,” alisema Malachy. “Akiingia fisi maji, samoni hakai. Nawaokoa watu wasipoteze muda.”

“Huruma hiyo umeanza lini?”

“Tangu mumeo akuache, bibie. Lazima mtu akuangalie. Ukizidi kubisha nitakuoa, nipate kukunyamazisha.”

Attracta hakucheka. Kijiji kilikwisha kucheka kwa niaba yake. Jarlath alitoweka mwezi wa Aprili, na Malachy ndiye aliyesema alimpandisha basi la kwenda kwenye meli ya Uingereza, koti lake la kijani mwilini, hata nyuma hakugeuka. Barua haikuja. Kwenye baa walishakubaliana kwamba ana mwanamke huko. Attracta alitaka kujua jambo moja tu: kama kweli aliachwa.

Asubuhi yake, Malachy alipopeleka kondoo mnadani, Attracta alichukua fimbo ya mumewe ya kuvulia akaenda darajani.

Jarlath ndiye aliyemfundisha mto. Samoni akikaa kwenye maji yale ya rangi ya chai, mgongo wake hugeuka ukafanana na mawe meusi ya chini. Unaweza kumsimamia juu ya kichwa usimwone. Ndiyo maana hupenda kilindi chenye giza. Wa kumtoa humo ni fisi maji tu, na akimtoa, samoni hukimbilia maji ya kina kifupi, juu ya changarawe nyeupe, ambako mgongo ule mweusi hata kipofu anauona.

Attracta aliinama akatazama changarawe. Nyeupe tupu.

Basi hakuna aliyewafukuza. Wote wamo kilindini.

Akateremka hadi pale, akatupa ndoana karibu na mwamba, akaiacha izame mpaka chini. Ilinasa kitu kizito. Hakikupigana. Akavuta taratibu.

Malachy alirudi kesho yake jioni. Alikuta baiskeli zimejazana ukutani kwa Attracta, taa zinawaka kila dirisha, harufu ya nyama na tumbaku imefika barabarani. Akacheka peke yake. Mwanamke kapata samoni, kaita kijiji kizima kije kishuhudie. Akabisha hodi, maneno ya kujitetea yakiwa tayari mdomoni.

Attracta alifungua mwenyewe.

“Haya, umenishinda,” alisema Malachy. “Alikuwa mkubwa?”

“Mzito. Karibu ule.”

Akaingia, na ndani watu wakampisha. Saa ya ukutani ilikuwa imesimamishwa, kioo kimefunikwa shuka, kama ilivyo desturi nyumba inapolaza maiti. Kwenye msumari nyuma ya mlango, koti la kijani lilikuwa bado linadondosha maji sakafuni.

“Pita, pita,” alisema Attracta, akifunga mlango nyuma yake. “Tumekuwekea kiti karibu na Jarlath.”