Majivu Nyuma ya Mbuke

Bujiku alimwaga majivu kwenye nyayo za Mbuke kwa mara ya tatu mwezi huo, na mwezi wenyewe haukuwa umefika tarehe ishirini.

"Bhebhe, wewe! Pita mbali na kamba ya shimo!" alifoka, kwa sauti ya kulizima karasha, ile mashine ya kusaga mawe. "Ukiigusa nakuchapa na huu mti!"

"Nichape basi," Mbuke akamjibu, ndoo ya vitambaa vyake mkononi, kifuniko kimebanwa. "Ila ukinigusa, na wewe ukae nje siku tatu. Sheria yenu hiyo, siyo yangu."

Wanawake wabonda mawe wakacheka chinichini. Bujiku akawatupia jicho, wakainama.

Sheria aliileta mganga wa mzee Sostenes, mwenye duara lile, shimo la dhahabu la Rwamgasa. Mwanamke akiingia siku zake asisogelee shimo, asiguse mawe, asiguswe wala asipekuliwe. Atoke kwa mwanya wa nyuma na vitambaa vyake, na majivu yamwagwe alipokanyaga. Wengine wote walipekuliwa jioni mpaka kwenye nywele, na mzee Sostenes mwenyewe alikuwa anavua viatu. Bila hivyo, alisema mganga, dhahabu hukimbia.

Na dhahabu ilikuwa inakimbia kweli. Mawe yalipanda kutoka shimoni yana macho ya njano, unayaona bila miwani. Yakishapita kwa wabonda mawe, yamekuwa vipofu.

"Msimamizi ni wewe," mzee Sostenes alimwambia Bujiku. "Jumapili tukiosha dhahabu tukakosa tena, hamisha kitanda chako."

Bujiku alikuwa na watoto sita Maganzo, na kazi nyingine zaidi ya kufokea watu hakuijua. Kwa hiyo alimchukia Mbuke kama mtu anavyolichukia jino bovu. Wanawake wengine siku zao zilikuja kwa adabu, mara moja kwa mwezi. Za Mbuke zilikuja kama askari wa msako. Mwezi mmoja hazionekani kabisa, mwezi unaofuata zinavamia mara tatu, tena saa nne asubuhi, mawe mazuri ndiyo kwanza yameshushwa.

Bujiku akamwita nesi Klara wa zahanati. Nesi akawakalisha wanawake kwenye viroba, akawaambia kwamba siku zikiruka au zikija ovyo si uchawi wala uchafu. Huenda ni mimba, huenda ni kazi nzito na kula kidogo, sindano ya uzazi wa mpango, uvimbe kwenye kizazi, au umri tu unaelekea ukomo. "Andikeni tarehe," alisema. "Zikipotea miezi mitatu, au damu ikizidi, njooni mpimwe. Msikae na hofu."

"Sikukuitia elimu, nesi," Bujiku akadakia. "Nimekuitia huyu hapa. Mzibe bomba lake!"

"Bomba la kuziba hapa nimeona moja tu, mdomo wako," nesi akasema, kisha akamgeukia Mbuke. "Dada, kesho njoo nikupime."

"Siendi. Hospitali nilishakwenda, mwanangu. Walichotaka kuchukua walishachukua."

"Kwa hiyo sasa unawanyima hela ya matibabu?" Bujiku alizidi kupandisha. "Bahili hata kwa mwili wako! Alfajiri una nguvu za kumchinjia mama lishe kuku, saa nne unakuwa mgonjwa!"

Alhamisi yakapanda mawe ambayo hata mzee Sostenes aliyageuza mara mbili mkononi. Saa nne kamili Mbuke akainua mkono.

"Zimekuja."

Bujiku akaona kiza.

"Toka! Na usirudi tena hapa! Beba kila tambara lako, hata uzi usiniachie!"

Mbuke hakubishana. Aliingia nyuma ya turubai, kule wanawake wanakojisitiri pembeni ya mawe, akakaa muda mrefu akikusanya vitu vyake. Alipotoka aliikokota ndoo mpaka kwenye uzio, akaishika nyonga.

"Damu imezidi, nguvu sina. Nipitishie wewe, msimamizi."

"Niiguse mimi?"

"Basi niiache."

Iachwe ndani ya uzio? Bujiku akauchukua mti wake, akaupenyeza kwenye mshikio wa ndoo, akainua akiwa ametanua miguu na kugeuza uso pembeni. Mti ukalia kwa uchungu. Akaivusha.

"Hata damu yako nzito kama roho yako!" akamtemea maneno.

"Asante, Bujiku. Mungu akulipe."

Bodaboda ikamchukua. Bujiku akamwaga majivu debe zima, akajisikia mwepesi, akalala vizuri siku tatu mfululizo.

Jumapili wakaosha. Hawakupata kitu.

Jumatatu alikuwa anafungua kitanda chake vipande vipande, matusi yakimtoka kwa kila msumari, ndipo mwanamke mmoja aliposimama mlangoni na kikapu.

"Shikamoo kaka. Mimi ni Rhoda, mdogo wake Mbuke, natoka Tinde. Dada alisema Alhamisi anakuja nyumbani. Mpaka leo hajafika."

"Dada yako nimemfukuza!" Bujiku akasimama na nyundo mkononi. "Siku zake zisizo na ratiba ndizo zimenifukuzisha kazi! Ukimpata mpeleke hospitali, wamtibu hiyo damu kabla hajamaliza machimbo yote ya Geita!"

Rhoda akamtazama kama mtu aliyekosea nyumba.

"Damu ipi, kaka? Dada walimtoa kizazi siku aliyojifungua kitindamimba wake. Na huyo mtoto sasa yuko sekondari."

Bujiku akaishusha nyundo. Aligeuza shingo taratibu, akautazama ule mti aliovushia ndoo, umeegemea uzio. Katikati ulikuwa na ufa.