Nyayo Nyekundu

Linah alikuwa amechora bonde kwa rangi za akriliki: mabaka ya kijani, duara la ziwa, mstari mweupe wa barabara, na mraba wa kahawia ambao yeye tu ndiye aliyejua ni nyumba yake ya Kabazi.

"Mum, na watu wako wapi?" binti yake aliuliza kwa simu baada ya kutumiwa picha. Hakuwa amekuja nyumbani tangu Pasaka.

"Michoro ya aina hii haitaki watu."

Alipokata simu, kuku aliingia, akakanyaga rangi nyekundu, akapita juu ya mchoro uliolazwa sakafuni.

"Shenzi wewe!"

Linah akanyakua kitambaa afute kabla rangi haijakauka. Mkono ukasita. Nyayo zilifuata barabara mpaka kwenye ule mraba.

Akapiga magoti, akaanza kuzipuliza zikauke.