Kijerumani cha Lois

"Mwambie sikuwapa waasi chakula, Lois. Mwambie, mwanangu!" jumbe alisihi. Alikuwa amepigishwa magoti, mikono imefungwa nyuma.

Afisa wa Kijerumani alingoja. Hapo Masasi, ni Lois pekee aliyeijua lugha yake.

Alipokuwa akijifunza Kijerumani misheni, kaka yake alimcheka: "Kitakulimia shamba hicho?" Kisha vita vikaja, jumbe huyuhuyu akamsingizia kaka yake uasi, na Wajerumani wakamnyonga.

Lois aliitazama kamba ilivyozama kwenye nyama ya mikono ile. Alijua jumbe hakuwapa waasi hata punje.

"Anasema nini?" afisa aliuliza.

"Anasema aliwapa mtama," Lois akajibu kwa Kijerumani kilichonyooka, "na wakirudi atawapa tena."