Jiko Halijashika

Baba Aida alinyoosha mkono azime gari. Mama Aida akauzuia pale pale kwenye ufunguo.

“Tunachoma petroli bure, mke wangu. Foleni yenyewe ya ukaguzi haisogei.”

“Liache lingurume. Jiko la mkaa utaliingiza ndani kabla halijashika? Si litatufukiza! Gari kuukuu nalo lipashwe kwanza.”

Likifeli kipimo cha moshi halitaruhusiwa barabarani, na masomo ya jioni ya Mama Aida kule mtaa wa mbali wa Erdington ndiyo basi tena.

Mama Aida akashuka, akashikilia kitambaa cheupe cha mtoto mdomoni mwa bomba la moshi. Jana, kabla hajabadilisha plagi za injini kwa mikono yake, kilitoka cheusi. Leo kilibaki cheupe, chenye joto kama kimetoka kupigwa pasi.

Mpimaji akainua mlango wa gereji, akawapungia.

“Hamia kule, Baba Aida,” Mama Aida akasema, akishika usukani. “Jiko linaingia.”